Kitabu cha 1859 kilivyonionyesha nyota mbili mahali pa moja

Darubini yangu niliinunua mtumba. Ni ya milimita 70, yaani upana wa kioo chake cha mbele, na miguu yake mitatu ya alumini hutetemeka hata mtu akipita uani na ndoo ya maji. Mwezi nilishautazama hadi nikauzoea, pete za Zohali majirani wote walishaziona, na baada ya hapo nikaishiwa. Vitabu vipya vimejaa picha zilizopigwa na darubini za angani. Ukitoka nje na kibomba chako unaona ukungu mweupe, basi.

Aliyenitoa hapo ni kasisi wa kijijini Uingereza, Thomas William Webb wa Hardwicke, Herefordshire. Mwaka 1859 alitoa kitabu kiitwacho Celestial Objects for Common Telescopes, kwa ajili ya watu wenye darubini za kawaida. Haki zake zimekwisha zamani, kwa hiyo nilikipata bure kwenye simu. Karne ile haikukosa waandishi wa nyota. Mary Somerville alikuwepo, na Camille Flammarion kule Ufaransa alichapa Astronomie populaire mwaka 1880, ikapendwa sana. Lakini wengi wao wanakusimulia mbingu ukiwa umeketi. Webb anakutoa uani. Mengi aliyoyaandika aliyaona kwa darubini ya inchi 3.7, yaani milimita 94, si mbali sana na yangu. Niliposoma hapo nikajisemea, huyu tutaelewana.

Nikachagua nyota moja tu, Porrima, iliyoko kwenye kundi la Mashuke (ndiyo, Mashuke ile ile ya ukurasa wa utabiri gazetini). Kwa macho ni nyota moja. Kwa darubini ni mbili, zinalingana mwanga, na zinazungukana kwa miaka 169 hivi. Wakati wa akina Webb ilikuwa nyota yenye kisa. Miaka ya 1830 zilizidi kukaribiana, mpaka mwaka 1836 William Henry Smyth, afisa wa jeshi la maji aliyekuwa na darubini ya inchi 5.9 pale Bedford, akatazama na kukuta nyota moja ya mviringo. Mwanafalaki Struve kule Dorpat (leo Tartu, Estonia), kwa darubini kubwa zaidi, bado aliiona imerefuka kidogo. Halafu zikaanza kuachana tena. (Smyth huyo ni babu yake Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti aliyezikwa Nyeri. Niliposoma hilo niliacha nyota kwa muda.)

Sasa piga hesabu. 1836 ongeza 169, unapata 2005, na kweli mwaka 2005 zilikaribiana tena. Kwa hiyo nilipotoka nje Mei 2025, jozi ile ilikuwa takriban pale ilipokuwa mwaka 1856, miaka mitatu kabla ya kitabu kutoka. Kitabu kilichochakaa, lakini kwa nyota hii kimerudi kuwa kipya!

Kuiona ndiyo ilikuwa kazi. Nafasi kati yao ni kama sekunde 3.5 za pembe, na digrii moja ina sekunde 3,600. Ni sawa na kukitazama kipande cha sarafu chenye upana wa sentimita 2.5 ukiwa karibu kilomita moja na nusu.

Usiku wa kwanza nilikosea mwelekeo. Uingereza Porrima hupita upande wa kusini, chini ya nusu ya anga. Hapa Dodoma inapita karibu kabisa na utosi, kwa hiyo "juu" na "kushoto" za kule hazina maana. Nikaachana nazo nikatumia kaskazini na magharibi tu. Magharibi ni rahisi kuijua: iache darubini imetulia, upande nyota inakopotelea ukingoni mwa duara unaloliona ndio magharibi.

Usiku wa pili niliikamata saa nne ikiwa utosini, bomba likagonga mguu wa stendi. Nikapiga magoti, shingo ikakataa. Tena nilikuwa nimeegemea ukuta wa nyumba, na bati lilikuwa bado linatoa joto la mchana. Nyota ilichemka kama uji.

Usiku wa tatu nilihamia katikati ya uwanja, mbali na mabati. Nikaning'iniza mfuko wa mawe katikati ya miguu ya stendi, mtetemo ukapungua sana. Nikatoa darubini nje saa kumi na mbili na nusu ili kioo kipoe, nikaanza saa mbili, nyota ikiwa bado upande wa mashariki. Kwa ukuzaji wa mara 35 ilikuwa moja. Mara 70, nikaona kitu kama punje ya mchele. Mpwa wangu akachungulia akasema, "Mjomba, mbona ni moja tu, ila imenona?"

Nikaweka lenzi ya kuzidisha, ikafika mara 140. Picha ikafifia, ikacheza. Webb ana uvumilivu wa kasisi, mimi sina, lakini nilijilazimisha kukaa bila kugusa kitu. Baada ya dakika kadhaa hewa ikatulia kwa sekunde mbili hivi, na punje ile ikakatika katikati. Vidoa viwili vyeupe, vimelingana, na uzi mwembamba wa giza kati yao. Hewa ikachafuka, vikaungana, ikatulia, vikaachana.

Nikamwita tena mpwa wangu, nikamwambia asishike bomba. Alikaa kimya muda mrefu. Kwa kuwa jozi ile imelala karibu kaskazini kwa kusini, zinapoelekea magharibi zinakwenda bega kwa bega, hakuna anayetangulia.

"Mjomba," akasema, "zinakwenda kama maksai wa jembe."

Zikatoka kwenye duara kwa pamoja, na ikabidi niitafute upya.