Kaskazini ya Marekani kwa mwendo wa wastaafu

Mume wangu, Baba Neema, ameendesha lori la masafa marefu sehemu kubwa ya maisha yetu hapa Marekani. Barabara kuu namba 94, inayotoka Minneapolis kwenda Montana, anaijua kwa vituo vya mafuta, mizani na sehemu za madereva kulala. Mwulize Jamestown ni mji wa namna gani, atakwambia dizeli inauzwa upande upi na kahawa yao ikoje. Mji wenyewe hakuwahi kuuona. Mzigo ulikuwa na saa yake ya kufika, na dereva anayelipwa kwa maili hasimami kutazama mto. Basi alipostaafu, nami nikawa nimemaliza kazi yangu ya uuguzi, alikuwa na ombi moja: turudi njia ile, safari hii mchana, na tusimame kila anapotaka kusimama.

Tukanunua gari-nyumba lililotumika, la futi 24. Lina kitanda, jiko la gesi la plate mbili, friji, choo, na bafu la kuenea mtu mmoja aliyesimama. Tukakata pia ile pasi ya wazee ya hifadhi za taifa: raia au mkazi wa kudumu aliyetimiza miaka 62 hulipa dola 80 mara moja, akaingia bure maisha yake yote, na kwenye kambi nyingi za hifadhi hulipa nusu bei. Kwa watu wanaoishi kwa pensheni hilo si jambo dogo. Unga wa ugali, maharage na majani ya chai tulivipakia Minneapolis, kwenye maduka ya Wasomali, maana huko mbele nilijua sitavipata.

Kabla ya kuelekea magharibi, nami niliomba langu: tuanzie Duluth. Mimi ni mzaliwa wa Mwanza. Shule ya msingi tulifundishwa kwamba Ziwa Victoria ni la pili duniani kwa eneo kati ya maziwa ya maji baridi, na kwamba la kwanza liko Amerika, linaitwa Superior. Kwa mtoto aliyekulia kwenye mawe ya Mwanza, anayeona maji mpaka yanaposhikana na mbingu, ilikuwa vigumu kukubali kwamba kuna ziwa kubwa kuliko lile. Miaka yote niliyoishi Minneapolis nilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu tu kutoka Duluth, mji ulio ufukoni mwa ziwa hilo, lakini zamu za hospitali hazikuniachia nafasi.

Barabara inaingia Duluth kwa kushuka kilima kirefu, na ziwa linajitokeza lote kwa mara moja. Nilimwambia Baba Neema aegeshe. Superior ina kilomita za mraba kama 82,000, ya kwetu karibu 69,000. Tofauti hiyo macho hayaioni. Yote mawili hayana ng'ambo. Kinachoonekana ni rangi. Maji ya Superior ni ya buluu nzito, maana kina chake kinafika mita 406, wakati Victoria haizidi sana mita 80. Nilipotia miguu, baridi ilinipanda mpaka magotini, na ilikuwa katikati ya kiangazi.

Tulikaa kando ya mfereji wa bandari karibu siku nzima. Meli za kubeba madini ya chuma zinaingia bandarini kwa kupita mfereji mwembamba, karibu nawe kiasi kwamba unamwona baharia anakupungia mkono. Nyingine zina urefu wa futi 1,000, yaani zaidi ya mita 300. Juu ya mfereji kuna daraja la chuma lililojengwa mwaka 1905 na kugeuzwa miaka ya 1929 na 1930 ili njia yake nzima ya magari ipande juu wima, kupisha meli. Meli inapiga honi, daraja linajibu kwa honi yake, watoto wanapiga kelele. Baba Neema alitaka kujua kila meli imebeba tani ngapi. Alikuwa akiuliza watu tusiowajua, wastaafu kama sisi waliokuja na viti vyao vya kukunja, nao walimjibu kwa furaha kana kwamba walikuwa wanamngoja yeye.

Kaskazini ya Duluth barabara namba 61 inafuata ufuko wa mawe meusi, mawe ya volkano yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni moja. Njiani wanauza samaki waliokaushwa kwa moshi. Nilinunua wa kutosha, nikawapika kwa nyanya na kitunguu, tukala na ugali mlango ukiwa wazi ili king'ora cha moshi kisilie. Nyama yao ina mafuta, na moshi ule ulinipeleka moja kwa moja soko la Kirumba, kule Mwanza.

Kisha tukafika Split Rock. Ni mnara wa taa juu ya jabali la kama mita 40, uliowashwa mwaka 1910 baada ya dhoruba ya Novemba 1905 kuvunja na kuzamisha meli nyingi upande huu wa ziwa. Haufanyi tena kazi ya kuongoza meli tangu 1969. Lakini kila tarehe 10 Novemba huwashwa, kengele hupigwa, na majina ya mabaharia 29 wa meli Edmund Fitzgerald husomwa. Meli hiyo ilizama mwaka 1975 na hakuokoka hata mmoja.

Mtu wa Mwanza hawezi kusikia habari hiyo akaipita tu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Wengi wamelala makaburi ya Igoma. Tulisimama chini ya mnara ule, mimi na mume wangu, tukawataja tuliowajua. Naamini ni haki ya waliokufa majini kutajwa majina yao mwaka hadi mwaka, na niliwashukuru watu wa Superior kwa kulishika jambo hilo kwa uaminifu.

Kutoka hapo tulikata magharibi kwa barabara namba 2 na kulala Itasca, mahali Mto Mississippi unapoanzia. Unatoka ziwani ukiwa kijito cha kuvuka kwa kukanyaga mawe, na nguzo ya mbao inakwambia una maili 2,552 mbele yake mpaka Ghuba ya Mexico. Vitabu vingi vinamtaja Henry Schoolcraft kuwa ndiye aliyefika pale mwaka 1832, lakini aliyempeleka ni Ozaawindib, kiongozi wa Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, aliyekuwa anapajua. Nilivuka mara ya kwanza, nikarudi, nikavuka tena. Baba Neema alinawa uso.

North Dakota ya mashariki ni tambarare tupu: ngano, alizeti, maghala marefu ya nafaka, na upepo. Gari-nyumba lina ubavu mpana, upepo ukilipiga linayumba. Mume wangu alishusha mwendo, akashika usukani kwa mikono miwili, na magari yakatupita mfululizo. Aliyapisha yote. Jamestown tuliingia mjini, hatimaye. Tulimwona yule nyati wa zege wa futi 26 aliyesimamishwa mwaka 1959, tukanunua mkate, tukatembea mtaa mkuu wote. Nilimwona akitazama hata vibao vya maduka.

Magharibi ya jimbo hilo ardhi inapasuka ghafla. Unatoka kwenye majani, mara unaona mabonde na vilima vya udongo wa mistari myekundu na ya kijivu. Hii ni Hifadhi ya Taifa ya Theodore Roosevelt. Kijana Roosevelt alikuja hapa mwaka 1883 kuwinda nyati, wakati nyati wa nchi hii walikuwa wamekwisha karibu wote kwa bunduki. Februari mwaka uliofuata mama yake na mke wake walifariki siku moja, naye akarudi huku kufuga ng'ombe. Msomaji wa Afrika Mashariki anamjua kwa upande mwingine: ndiye rais mstaafu wa Marekani aliyeshuka Mombasa mwaka 1909, akapanda treni kwenda bara, na kuwinda kwa miezi mingi. Kibanda chake cha magogo kipo Medora, mji ulio mlangoni mwa hifadhi, kibanda kidogo chenye sanduku lake la safari, na nilitumia muda mrefu hapo nikiwaza jinsi mtu huyohuyo alivyoua wanyama wengi na pia akatenga ardhi nyingi ili wahifadhiwe. Siwezi kuondoa upande mmoja ili nipate kumsifu au kumlaumu kwa urahisi.

Nyati walirudishwa hapa mwaka 1956, wakiwa 29 tu. Leo ni mamia. Kambi yetu ya Cottonwood, kando ya Mto Little Missouri, haina umeme wala bomba la kuunganisha, hivyo unaishi kwa betri na tangi lako. Asubuhi, Baba Neema akiwa nje anapima upepo wa matairi, nilisikia anagonga kioo taratibu. Kundi zima lilikuwa linapita kati ya magari. Dume moja lilijikuna shingo kwenye mti, hatua chache kutoka mlangoni. Sheria inataka mtu akae mbali nao mita 23, lakini wao hawakuisoma, kwa hiyo mume wangu aliingia ndani na tukabaki dirishani, chai ikapoa mkononi. Nimeona nyati wa Serengeti tangu nikiwa msichana. Hawa wana kichwa kizito zaidi, nundu, na manyoya ya kifuani kama blanketi.

Montana tuliivuka kwa barabara namba 2, sambamba na reli. Jimbo lina kilomita za mraba 380,000 na watu milioni moja na kitu kidogo. Unaenda saa nzima ukikutana na magari ya kuhesabika. Miji inaitwa Glasgow, Malta, Zurich, Harlem. Kwenye kambi za miji hii ndipo nilipowafahamu wazee wanaoishi ndani ya magari yao majira yote ya kiangazi: wanasafisha vyoo vya kambi, wanapokea wageni, wanauza kuni, na malipo yao ni nafasi ya kuegesha. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alinifundisha kumwaga tangi la choo bila kuchafua mikono: glavu kwanza, fungua tangi la choo, kisha la maji ya sabuni ili lisafishe mpira. Nilimlipa kwa chapati.

Milima ilianza kuonekana tukiwa bado mbali, kabla ya Browning, katika nchi ya watu wa Blackfeet, wenyeji wa asili. Nusu ya mashariki ya Hifadhi ya Taifa ya Glacier, iliyo kwenye milima hiyo, ilikuwa ardhi yao. Waliiachia kwa mkataba wa mwaka 1895, na serikali ikalipa dola milioni moja na nusu. Ni vizuri kulijua hilo kabla ya kuingia getini. Barafu za milima hiyo zilikuwa nyingi zaidi katikati ya karne ya 19, na ilipofika 2015 zilibaki 26. Tuliotazama theluji ya Kilimanjaro ikipungua tunaielewa habari hiyo bila kuelezwa.

Barabara ya Going-to-the-Sun, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1933, hairuhusu sehemu yake ya juu gari lolote linalozidi futi 21. Gari letu likabaki kambini St. Mary, tukapanda mojawapo ya mabasi mekundu ya miaka ya 1930, yale ya kufunua paa. Mume wangu alikaa kiti cha nyuma ya dereva. Sijui kama nimewahi kumwona akipanda mlima kwa gari akiwa abiria. Mwanzoni mguu wake ulikuwa unakanyaga breki isiyokuwepo. Tulipofika Logan Pass, sehemu ya juu kabisa ya barabara hiyo, mita 2,026 juu ya usawa wa bahari, alikuwa ameegemea nyuma, uso juu, anatazama maporomoko.

Wakati wa kushuka abiria mmoja aliuliza malori hufanyaje kwenye miteremko kama hii. Dereva akasema hajui. Baba Neema akajibu. Akaeleza jinsi unavyochagua gia kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Jinsi injini inavyolishikilia gari ili breki zisipate moto. Njia za dharura za kokoto zilizochimbwa pembeni kwa ajili ya lori lililoshindwa kusimama. Na usiku mmoja wa barafu, magharibi ya Butte, alipoitazama njia hiyo na hakuihitaji. Basi zima lilimsikiliza. Nyumbani hakuwahi kunisimulia usiku ule. Tuliporudi kambini nilimwambia aanze upya, polepole, na asiruke kitu.