Nilivyojiundia kompyuta Ngamiani

Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba, zile zilizokwisha kutumika maofisini Ulaya. Nilihariria video za harusi kwa miaka mitatu hapa Ngamiani, Tanga, haikunisumbua. Siku moja umeme ulikatika, uliporudi ukarudi na hasira, pawa saplai, kile kiboksi cha kugawia umeme ndani, ikatoa moshi. Nikasema si neno, nanunua nyingine. Kumbe waliotengeneza mashine ile walibuni plagi zao wenyewe: pawa saplai ya kawaida ina plagi kubwa ya pini 24, mazabodi yangu, ile bodi kubwa inayounganisha vipande vyote, ilikuwa na tundu la pini sita. Na boksi lenyewe jembamba, hata ningepata ya kuchomeka isingeingia. Kifaa kimoja cha bei ndogo kikaizika mashine nzima. Nikaapa inayofuata naiunda mwenyewe, kwa vipande ambavyo kila kimoja kina mwenzake dukani.

Nilinunua kidogo kidogo kwa miezi minne, kila harusi kipande. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nilichukua AMD Ryzen 5 5600G. Hiyo G ya mwisho ndiyo niliyoifuata: ina grafiki, kile kinachotoa picha kwenye monita, humo humo ndani, kwa hiyo sikununua kadi ya grafiki, ambayo peke yake ingekula nusu ya fedha zangu. Ila grafiki hiyo haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM, kumbukumbu ambayo kompyuta inafanyia kazi. Ndiyo maana nilitaka RAM mbili za GB 8, si moja ya 16, kwa sababu zikiwa mbili zinasomwa kwa pamoja na picha zinakwenda haraka zaidi. Muuzaji aliona namchosha tu. Pawa saplai ya wati 550, SSD ya GB 500 ya kuhifadhia kazi, keisi ya kawaida. Nilipojibana ni kwenye mazabodi: B450 ya bei poa kutoka Kariakoo, iliyokaa kwenye boksi lake tangu lini Mungu ndiye ajuaye. Ikaja kwa basi, nikaipokea stendi ya Kange.

Kuunganisha kulichukua jioni moja. Cha kutia hofu ni prosesa tu. Aina hii ina vipini 1,331 tumboni, vyembamba kama miiba ya dagaa. Unatafuta kipembetatu cha dhahabu kwenye kona, unakilinganisha na alama ya kwenye soketi, unaiachia. Haisukumwi. Ikikaa sawa inazama yenyewe, ndipo unalaza kile kiwaya cha pembeni.

Nikawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, monita giza. Nikatoa RAM, nikarudisha moja moja, nikakagua kila waya. Giza. Mama akapita na kikombe chake cha chai: "Mwanangu, si ungenunua tu iliyokwisha kuundwa?" Sikumjibu.

Usiku wa pili ndipo nilipoelewa. B450 zilitoka mwaka 2018, prosesa yangu ni ya 2021. BIOS ya mazabodi, ile programu ndogo inayoiamsha mashine, ilikuwa ya zamani, haimjui mgeni huyu. Dawa ni kuipa BIOS mpya, lakini bodi yangu haikubali kupewa bila prosesa inayoitambua. Inataka uingie ndani ili upate ufunguo wa mlango.

Jirani yetu fundi ana mashine yenye Ryzen 3 2200G. Nikaenda.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Nakuazima, lakini ukinipindia vipini utaniona."

Akanifundisha jambo ambalo peke yangu ningelijua kwa hasara. Kabla ya kutoa feni ya prosesa, aliiacha mashine iwake dakika kumi, ile dawa ya kijivu inayopitisha joto kutoka prosesa kwenda kwenye feni ipate joto ilainike. Kisha akaizima, akazungusha feni kushoto na kulia, taratibu, ndipo akainyanyua. Ukiivuta ikiwa baridi, inang'oka pamoja na prosesa.

Ikabaki hofu moja. Umeme ukikatika BIOS ikiwa katikati ya kuandikwa, bodi ndiyo basi tena, na kwetu umeme hauagi ukiondoka. Nikaazima UPS, ile betri ya kushika umeme ukikatika, kwenye duka la fotokopi, baada ya Isha walipofunga. Paka nikamtoa nje. Prosesa ya ami nikaipachika, flashi yenye BIOS mpya ikaingia, mstari ukaanza kujaa, nami nimekaa na mikono mapajani kama mtahiniwa. Dakika kama nne. Nikazima, nikarudisha prosesa yangu, nikafuta dawa ya zamani kwa spiriti na kupaka mpya kama punje ya njegere. Monita ikawaka.

Kuweka Windows hakuna la kusimulia. Jumla ilifika shilingi 1,180,000, pamoja na nauli ya mizigo.

Asubuhi nilimrudishia ami prosesa yake. Alivaa miwani, akaigeuza juani, akakagua vipini mstari kwa mstari bila kusema neno. Aliporidhika akauliza kama ile keisi ya zamani naiuza. Anataka feni yake.