Kodi ya miezi sita na pampasi za mzee

Mzee mpangaji hapa Dar haumizwi sana na kodi yenyewe. Kinachomvunja mgongo ni kuilipa kwa mkupuo. Pensheni inaingia kila mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita. Tuseme chumba na sebule Mbagala ni 150,000: hapo ni 900,000, na dalali anachukua ya mwezi mmoja. Jumla 1,050,000 kabla hujahamisha hata godoro. Tenga fungu la kodi siku ileile pensheni inapoingia, uliweke kwenye laini isiyotumika kwa kingine.

Uangalizi ndio unaokula kimyakimya. Pampasi tatu kwa siku ni 90 kwa mwezi. Wengi wanabana, wanabaki na moja ya usiku. Ngozi inakaa na unyevu, kidonda kinafunguka makalioni, na kukisafisha kunagharimu kuliko zile pampasi. Bora mchana utumie vipande vya kanga kuukuu juu ya nailoni, ubadilishe mara tu vikilowa, na umgeuze mzee kila baada ya saa mbili.

Mzee asiyejiweza, kuanzia miaka 60, ana msamaha wa matibabu hospitali za serikali. Anzia serikali ya mtaa na kitambulisho cha NIDA. Mara nyingi kinachokwamisha ni tarehe ya kuzaliwa kutofautiana na ya kadi ya zamani. Ila dawa ikikosekana dirishani utaandikiwa ukanunue nje, msamaha au si msamaha, kwa hiyo fungu la dawa usilifute.