Daftari la Namba Moja

Kwa miaka sita nimefundisha Hisabati katika shule ya msingi hapa Kisumu, na kila tunapofunga shule huwanunulia madaftari, kwa pesa zangu, watoto watatu walioongoza katika mtihani. Muhula uliopita, nilipokuwa nikiyafunga kwa karatasi ya zawadi, nilitambua kwamba ningaliweza kuyaandika majina ya washindi kabla mtihani haujafanywa, kwa kuwa ni wale wale tangu Gredi ya Nne.

Mwalimu mwenzangu husema kwamba zawadi ni hongo tu. Simkubalii, kwa sababu mfano wa Busia uko karibu nasi. Mwaka 2001, katika wilaya za Busia na Teso, wasichana wa darasa la sita waliahidiwa kwamba watakaoingia katika asilimia 15 ya juu watalipiwa karo ya shilingi 500 kwa mwaka, na familia zao zipewe shilingi 1,000 za mahitaji ya shule, kwa miaka miwili. Nao walituzwa hadharani, wazazi na walimu wakishuhudia. Michael Kremer, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2019, alilichunguza jambo hilo pamoja na wenzake. Huko Busia alama zilipanda hata kwa wasichana wasiokuwa na tumaini kubwa la kushinda, na walimu wakapunguza utoro. (Teso mambo yalikwenda vingine: radi iliua wanafunzi shuleni, na baadhi ya wazazi wakaushuku mpango wenyewe.)

Ninavyoona mimi, zawadi ile ilifika nyumbani na katika ofisi ya walimu, ilhali daftari langu huishia mkononi mwa mtoto ambaye angesoma hata bila hilo.

Basi muhula huu daftari ni la yeyote anayerudia maswali aliyoyakosa na kuniletea masahihisho kwa wiki tano mfululizo, yakiwa na sahihi ya mzazi au mlezi. Juma lililopita nyanya ya kijana mmoja, ambaye hajawahi kutoka mkiani, alisimama mlangoni pa darasa akaniuliza, "Mwalimu, mimi sikusoma. Kidole gumba kitatosha?" Nilimtafutia kidau cha wino.