Tulivyohamia Masikioni Bila Kuuza Gitaa la Besi

Kila niliyemuuliza jinsi ya kuihamisha bendi kutoka spika za sakafuni hadi hedifoni za masikioni, ili kila mmoja ajisikie akipiga, alinipa jibu lile lile: mnunulie kila mwanamuziki seti yake ya hewani, kirushio na kipokezi, na isiwe ya Kichina. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa dukani. Bendi yetu ina watu wanane: waimbaji watatu, gitaa la solo, gitaa la rithimu, mimi kwenye besi, drams na kinanda. Tunapiga kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) na harusi Kampala na viunga vyake, na wikiendi zisizo na sherehe tunapiga rumba baa. Nusu yetu ni Wakongo, kwa hiyo Kiswahili ndiyo lugha ya mazoezi na ya ugomvi. Seti nane za kampuni kubwa kama Shure au Sennheiser zingetugharimu kuliko vyombo vyote tulivyonavyo, na bado tungeenda kazini kwa boda.

Anayepiga chini ya hema anajua kwa nini tulitaka kuachana na monita za sakafuni, zile spika zinazotutazama sisi wapigaji. Mwimbaji hajisikii, anapiga ishara ya kidole juu, fundi mitambo anaongeza, maiki inashika, spika zinapiga mluzi, mashangazi wa bibi harusi wanaziba masikio. Kisha mpiga rithimu naye anataka kujisikia.

Mpiga solo wetu, Papaa mwenye jibu la kila jambo, alikuja na hedifoni za Bluetooth. Eti dunia imeendelea. Kwa kusikiliza nyimbo ndani ya taksi hazina neno, lakini Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti milisekunde 100 hadi 200, nyingine zaidi. Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Fanya hesabu: milisekunde 200 ni sawa na kumsikia mpiga drams aliye karibu mita 70 kutoka hapo ulipo, na huku unamwona nyuma yako anatoka jasho. Sebene, ile sehemu ya rumba magitaa yanapokimbia, ilipoanza, Papaa alikuwa akitujibu swali tulilokwisha kulisahau. Aliendelea kubishana kwamba sisi ndio tuliokuwa mbele.

Baadaye rafiki wa bendi nyingine alituazima seti ya gigahezi 2.4, ile ndogo ya kuchaji. Hii haina ule ucheleweshaji, na ukumbi ukiwa mtupu mchana haikukatika hata mara moja. Jioni wakaja wageni, kila mmoja na simu mfukoni, Wi-Fi imewashwa. Masafa hayo ya 2.4 ndiyo ya Wi-Fi na Bluetooth pia, tena mwili wa binadamu, kwa maji yaliyomo, huyanyonya vibaya. Mwimbaji wetu wa kike alisikia neno, kimya, neno, kimya. Siwaambii msinunue. Kwa kikundi kidogo kwenye jukwaa fupi, kirushio kikiwa karibu na hakuna ukuta wa watu katikati, kinafanya kazi. Sisi haikutufaa.

Sasa hapa ndipo nilipoanza kutumia akili badala ya ushauri. Mpiga drams anakwenda wapi? Haendi popote. Mpiga kinanda je? Naye yuko pale pale mpaka keki ikatwe. Kumnunulia mtu aliyekaa mtambo wa hewani ni kutupa pesa. Hao wawili niliwapa vikasha vya waya, Behringer P1 kwa mmoja na P2 kwa mwingine. P2 inatumia betri mbili za AAA. P1 inatumia ya volti 9 au adapta. Waya unatoka moja kwa moja kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), basi. Watu wawili wameondoka kwenye hesabu.

Wakabaki sita: waimbaji watatu na magitaa matatu. Na hapa, ndugu zangu, niruhusuni nijisifu.

Nilinunua kirushio kimoja cha masafa ya UHF, yaliyo chini ya gigahezi 2.4, cha Kichina, cha stirio, na vipokezi sita. Mitambo hii ni kama redio: kirushio kimoja, na wote waliofungulia masafa yale wanasikia. Tatizo ni kwamba wote wanasikia kitu kimoja, na mwimbaji anayelazimishwa kusikia besi yangu atakuja na malalamiko. Lakini stirio ni njia mbili. Mikisa yetu ni Behringer XR18, ina njia sita za oksi, yaani matokeo ya pembeni, kila moja na mchanganyiko wake. Nikapeleka oksi 1 kushoto kwa kirushio: sauti za waimbaji, kinanda kidogo, drams kidogo. Oksi 2 nikaipeleka kulia: magitaa, besi, kiki (drams kubwa ya mguu), na sauti ya kiongozi tu. Michanganyiko miwili ndani ya mtambo mmoja. Shure wameiweka akili hiyo ndani ya vipokezi vyao na kuiita MixMode. Vyetu vya bei ya chini havina, kwa hiyo nikachora waya.

Jeki ya stirio ina sehemu tatu: ncha ni kushoto, pete ni kulia, na shina ni ardhi. Waya wa mwimbaji unachukua ncha peke yake na kuipeleka masikio yote mawili, na ile pete inaachwa hewani bila kuguswa. Waya wa mpiga gitaa unachukua pete peke yake. Nilimpelekea fundi wa simu anayekaa karibu na Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala, nikamchorea kwenye karatasi. Akaitazama, akacheka: “Ssebo, hii ndogo.” Akaunganisha ncha na pete pamoja vizuri sana, na solda inang'aa. Matokeo: kushoto na kulia zimekutana, kila mtu anasikia vyote, na kipokezi kinahangaika kwa sababu njia zake mbili zinasukumana. Nilimrudia, tukakata, nikakaa kwenye kibenchi chake mpaka akamaliza zote sita. Alinitoza kitu kidogo, nikaongeza ya soda.

Jambo moja dukani hawatakwambia. Masikio mawili yakining'inia kwenye njia moja, ohm (ukinzani wa umeme) zinagawanyika nusu, kwa hiyo hedifoni za ohm 16 zinageuka mzigo wa ohm 8 na kipokezi kidogo kinakoroma. Tafuta zenye ohm zaidi kidogo. Tulichukua za kampuni ya KZ, bei yake ni ya kuku wawili wa sikukuu, na sponji zinazoziba sikio sawasawa. Sikio likiziba, sauti inashuka yenyewe. Desibeli 85 ndizo kikomo kinachoshauriwa kwa muda wa saa nane, na kila zikipanda 3 muda huo unakatwa nusu. Harusi za Kampala mnazijua urefu wake.

Masafa: baadhi ya seti za bei ndogo ziko kwenye megahezi 700 na kitu, lakini katika kanda yetu 694 hadi 790 imekwisha tengewa simu. Chini ya hapo kuna televisheni. Mimi huzima kirushio, nawasha kipokezi kimoja, nazunguka nacho masafa yote nikisikiliza palipo kimya. Nafanya hivyo kila eneo jipya, kwa sababu kimya cha Entebbe si kimya cha Kololo. Rauta ya kuongozea mikisa kwa simu nimeiweka gigahezi 5.

Gharama yote, ukiacha mikisa tuliyokuwa nayo, haikufika shilingi milioni tatu na nusu za Uganda. Kuna uvujaji kidogo, wakati mwingine mwimbaji anasikia kivuli cha solo kwa mbali. Papaa anasema ni sifa.

Malalamiko ya kwanza yalikuwa ya upweke: hawasikii watu, makofi wala vigelegele. Maiki moja ikatazamishwa wageni, ikaingizwa masikioni tu, isiende spika kubwa. Bado tulikosa ishara za kwanjula, maana mwogezi, yaani msemaji wa familia, anazungumza kwa maiki ambayo kwetu haikuingia, na bibi harusi alitembea zulia zima bila wimbo huku sisi tumesimama tukitazamana. Sasa maiki ya mwogezi ndiyo naiingiza kwanza, oksi zote. Mpiga drams ndiye anayenuna. Yeye si Mganda, Luganda chake ni cha sokoni, na analazimika kusikia masaa ya utani wa wakwe ndani kabisa ya masikio bila kujua acheke wapi.