Dinari 10 Kwenda Kuona Bomba

Mzee wa teksi pale Manama, Bahrain, alinitajia dinari 12, kwenda kwenye kisima cha mafuta na kurudi, na mita ameifunika kitambaa. Dola moja ya Marekani hapa ni fils 376, na fils 1,000 ndizo dinari moja. Nilipoipeleka hesabu hiyo kwenye shilingi za Kenya, kichwa kiliniuma. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha madrasa, "Ami, kwa pesa hizo kwetu natoka Mombasa kwa basi hadi Nairobi, nakula njiani, na narudi."

Akasema nisimlaumu yeye, niilaumu kodi ya VAT. Ilianza 2019 kwa asilimia 5, ilipofika 2022 ikawa 10. Nikamwambia yetu ni 16. Akanitazama kwa huruma, akashusha hadi dinari 10.

Tukaenda kusini, Jebel Dukhan, kwenye kisima kilichotoa mafuta 1932, cha kwanza upande wa Waarabu wa Ghuba. Nilitarajia mnara wa kutisha. Nikakuta mabomba, vali na kibao. Mzee akaegemea gari akaanza kunisimulia, na kiyoyozi kakizima ili asichome petroli bure. Babu yake alikuwa mzamia lulu, na alikufa anadaiwa na nahodha, maana wazamiaji walikopeshwa kabla ya msimu na deni halikuisha. Lulu za kufugwa za Wajapani zikaua soko, mafuta yakafika papo hapo. Baba yake akaajiriwa kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta Sitra.

"Sasa je?" nikamuuliza.

Akaelekeza kidole Saudia. Mafuta mengi ya Bahrain yanatoka Abu Safah, baharini. Wachimbaji ni Wasaudi, mapato wanagawana. Mwaka 2018 deni la nchi lilipobana, Saudia, Imarati na Kuwait ndizo zilizoahidi dola bilioni 10. Kuna aluminiamu, kuna mabenki, na kuna wageni wa Alhamisi jioni wanaovuka daraja la 1986 kutoka Saudia kuja kustarehe. Hao nilikuwa nishawajua: kwa ajili yao chumba changu kilipanda bei usiku mmoja, na maji ya kuoga yakabaki yale yale ya vuguvugu.

Kisha akaniuliza kama kwetu mafuta yapo. Nikamwambia yalipatikana Turkana 2012, na Agosti 2019 shehena ya kwanza, mapipa 200,000, ilipakiwa Mombasa kwa sherehe, Rais mwenyewe akiipungia mkono.

"Na baada ya hapo?"

Nikaanza kumweleza: malori yaliyoyabeba kutoka Lokichar, huko huko Turkana, bomba la kwenda Lamu ambalo halijajengwa, wawekezaji walioingia na kutoka. Mzee akawasha gari, akafungulia kiyoyozi mpaka mwisho bila kuombwa, akasema hadithi hiyo ni ndefu na jua ni kali, nimmalizie njiani.