Siku moja maishani mwangu: kaunta ya vyombo vinavyorudi

Saa 2:00 asubuhi

Nikishafungua mlango wa nyuma, naenda moja kwa moja kwenye kipimo kidogo cha unyevu kilichotundikwa kwenye ukuta wa magitaa. Leo kinasoma asilimia 48. Nashukuru. Gitaa la mbao halisi hustarehe kati ya 45 na 55. Hewa ikikauka zaidi, mbao husinyaa na ncha za freti, vile vyuma vyembamba vilivyolazwa shingoni, hutokeza pembeni mwa shingo, zikakwaruza vidole. Unyevu ukizidi, uso wa gitaa huvimba na nyuzi huinuka hadi mtoto ashindwe kuzibonyeza. Gitaa likidhurika hapa ukutani, baada ya wiki chache litanirudia mimi, mikononi mwa mtu mwenye hasira, na hasira hiyo itakuwa ya haki.

Mimi ni wa kaunta ya nyuma. Wenzangu wa mbele huuza vyombo vya muziki, mimi hupokea vinavyorudi. Huu ni mwaka wangu wa sita, na karibu kila anayesikia kazi yangu hunipa pole akidhani nashinda nikigombana. Ugomvi upo, ila ni mchache. Wengi wanaosimama mbele yangu wamebeba chombo kizima ambacho hakuna aliyewaelekeza namna ya kukitumia. Mauzo yao hayakukamilika siku ile, nami ndiye nayakamilisha.

Mpaka saa tatu natuni magitaa yote ya ukutani, yaani nakaza au kulegeza nyuzi hadi zitoe noti sahihi, kwa kipimo kilekile cha noti ya La yenye mitetemo 440 kwa sekunde. Anayejifunza akishika gitaa ambalo halijatuniwa, hasemi gitaa limelegea. Hujisema mwenyewe kwamba hana kipaji, akalirudisha ukutani taratibu na kuondoka.

Saa 3:10

Mama mmoja anaingia na binti yake wa miaka kama tisa. Anauweka mfuko wa fidla juu ya kaunta kwa kishindo.

"Dada, mmeniuzia fidla bubu."

"Karibu mama, pole sana. Hebu tuitazame pamoja."

Neno pole nalitoa kabla sijajua kosa ni la nani. Yuko mwenzangu mmoja aliyewahi kuniambia kwamba ukisema pole umekwisha kukiri. Sikubaliani naye. Mama huyu amefunga safari na mtoto na mzigo, asubuhi yake imeharibika, na hilo peke yake linastahili pole.

Fidla ni nzima. Nachukua upinde: nywele zake za farasi ni nyeupe, safi, zinang'aa. Nafungua kijisanduku cha rosini, ule utomvu mkavu unaopakwa kwenye upinde, nakuta uso wake ni laini kama kioo. Haujaguswa. Upinde mpya usio na rosini huteleza tu juu ya nyuzi, wala hazitetemeki. Na rosini mpya nayo haishiki mpaka uikwaruze kidogo kwa msasa.

Nampa binti msasa. Anakwaruza, kisha anapaka upinde, huku na huku, mara nyingi zaidi ya alivyotarajia. Anapiga uzi mmoja. Sauti inatoka imekwaruza kidogo, lakini inatoka, naye anamgeukia mama yake akiwa ameacha kinywa wazi. Mama anavuta kiti na kukaa.

Kwa kuwa wametulia, namalizia yale ambayo yangepaswa kusemwa siku ya kwanza. Ukimaliza kupiga, legeza upinde. Ukibadilisha nyuzi, badilisha mmoja mmoja, maana daraja la fidla, kile kibao kinachoinua nyuzi, halikubandikwa kwa gundi. Linasimama kwa kubanwa na nyuzi. Ndani kuna kijiti kingine kilichosimama hivyohivyo, kinachopeleka mtetemo kutoka uso wa mbele kwenda mgongoni, nacho Wafaransa hukiita roho. Nyuzi zikilegezwa zote kwa pamoja roho hiyo inaweza kudondoka, na kuirudisha ni kazi ya fundi. Binti anachungulia kwenye tundu ili aione.

Wameondoka na fidla yao. Kwenye daftari naandika: *haikurudishwa.*

Saa 4:40

Kijana wa saksofoni na kisanduku kilichofunguliwa cha ridi, zile ndimi nyembamba za tete zinazotetemeka zikipulizwa. Amenunua namba 3, naye ndiyo kwanza ana miezi miwili ya kupuliza. Anayeanza kwa kawaida hupewa 2 au 2½, kwa kuwa kadiri namba inavyopanda ndivyo ridi inavyokuwa ngumu. Anataka kubadilishiwa.

Hapa jibu langu ni hapana. Ridi ikishaingia kinywani mwa mtu haiwezi kuuzwa kwa mwingine, sawa na harmonika, sawa na visikizi vya kuingiza sikioni. Lakini kukataa nako kuna adabu. Sinyooshei kidole bango la ukutani. Namweleza sababu, namwomba radhi kwamba hakuulizwa kiwango chake wakati wa kununua, namshauri azihifadhi hizo namba 3, kwa sababu mdomo wake ukikomaa huenda akazihitaji. Safari hii nampimia ridi moja tu ya 2½. Hakuondoka akitabasamu. Aliondoka akiwa ameelewa, na kwangu hilo linatosha.

Saa 5:30

Wanakwaya watatu na kinanda. Kiongozi wao ni mtu mzima, mwenye sauti ya mamlaka, anasema kinanda kinapiga juu kuliko vyombo vyote vingine na fedha irudi leo. Nakiwasha. Kwenye kioo kidogo naona alama ya +2: kitufe cha kupandisha na kushusha noti zote kwa pamoja kimebonyezwa, kwa hiyo kila noti imepanda nusu-toni mbili.

Ningeweza kubonyeza na kutangaza palepale. Niliwahi kuona mwenzangu akifanya hivyo, vijana wakamcheka mwalimu wao, na mteja yule hatukumwona tena. Leo namwambia, "Mwalimu, naomba tukakisikilize chumba cha ndani, huku kuna kelele." Tukiwa wawili tu namwonyesha kitufe, tunakirudisha kwenye sifuri, namwonyesha pia jinsi ya kukirejesha kinanda katika hali yake ya kiwandani siku kikivurugika zaidi. Anarudi kwa vijana wake na kuwaambia kimerekebishwa, na kweli kimerekebishwa. Kumsitiri mteja hakukunigharimu chochote.

Saa 7:00 mchana

Nakula haraka, kisha maswali ya walionunua kwa intaneti. Wanachanganya mambo mawili kila siku: kubadili nia na kukuta kasoro. Katika nchi za Umoja wa Ulaya aliyenunua kwa mbali ana siku 14 tangu apokee mzigo za kubadili nia bila kutoa sababu. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2015, mwenye kukuta kasoro ana siku 30 za kukikataa kitu na kurudishiwa fedha zote. Kwingine sheria ni nyingine, na maduka huwa na masharti yao, hivyo nasisitiza yasomwe kabla ya kulipa.

Mmoja anauliza kama anaruhusiwa kulipiga gitaa kabla ya kuamua. Ndiyo, lijaribu kama ambavyo ungelijaribu ukiwa umesimama dukani. Usilipeleke jukwaani. Na kama unarudisha, tafadhali tumia boksi lililokuja nalo, legeza nyuzi kidogo, jaza karatasi au sponji chini ya kichwa na pande zake. Boksi likianguka, pigo huishia pale kichwa kinapoungana na shingo, ndipo panapovunjika. Nimefungua maboksi ya namna hiyo mara nyingi, na hakuna mara ambayo sikuumia.

Saa 8:20

Amplifaya, chombo cha kukuza sauti. Iliuzwa Ijumaa, leo ni Jumatatu. Kijana anasema hakuipenda sauti yake. Kwenye mpini kuna gundi ya utepe uliobanduliwa, kwenye wavu wa spika vumbi la jukwaani, na juu duara la chupa iliyowekwa ikiwa na maji.

Simwiti mwongo. Naigeuza amplifaya ili sote wawili tuone ninachokiona, namwuliza, "Kaka, ilifanya kazi vizuri siku ya onyesho?" Ananyamaza muda, kisha anasema ndiyo, walikuwa na onyesho moja tu na hawakuwa na uwezo wa kununua.

Namwelewa, na bado jambo hili linanikera kuliko yote yanayopita mbele yangu. Atakayeumia ni mnunuzi anayefuata, atakayelipia kipya na kupewa kilichotumika. Nimemwambia hivyo waziwazi. Tumekubaliana irudi kwa bei ya kilichotumika, nikamwonyesha orodha ya vyombo vya kukodi, ambayo hakujua kwamba ipo. Kwa nini hakujua? Iko kwenye karatasi nyuma ya mlango. Nimeihamisha, nimeibandika mbele ya kaunta.

Saa 9:45

Mwanamke mmoja anasubiri foleni iishe ndipo anasogea. Ana gitaa alilonunua wiki iliyopita. Halaumu, hapazi sauti. Anafungua mfuko mdogo wa ndani ya kasha na kuweka vitu viwili juu ya kaunta: kiplastiki cha kupigia kilicholika upande mmoja, na risiti ya duka letu yenye jina la mtu mwingine, ya miezi miwili nyuma.

"Dada, nilinunua jipya au sikununua jipya?"

Nalinganisha namba ya chombo na daftari. Gitaa hili liliuzwa, likarudishwa baada ya siku nne, likakaguliwa. Sahihi ya mpokeaji ni yangu. Nakumbuka hata jinsi nilivyolikagua: mgongo chini ya taa kutafuta mikwaruzo ya bizimu ya mkanda, freti moja moja, shingo kwa jicho moja kama fundi seremala, harufu ya moshi. Halikuwa na doa. Nikaandika *zima*, nikalipeleka mbele, likatundikwa ukutani bila kibandiko cha kusema limewahi kufunguliwa. Na mfuko wa ndani sikuufungua.

Hakuna ninachoweza kusema juu ya sauti yake au uzima wake kitakachojibu swali lile. Namwambia, "Hapana, halikuwa jipya. Nililipokea mimi, na kosa ni langu. Naomba unisamehe." Namweleza anachoweza kuchagua: fedha zake zote, au jingine lililofungwa bado kwenye boksi, au abaki na hili kwa bei ya kilichofunguliwa, na tofauti arudishiwe leo hii. Ile risiti naichana mbele yake, kwa sababu jina la mteja mmoja halikupaswa kufika mikononi mwa mteja mwingine.

Anaishika shingo ya gitaa kwa muda. "Nimelizoea," anasema. "Ndiyo maana inaniuma."

Ameomba siku chache za kufikiri. Nimemwandikia zile njia tatu kwenye karatasi, pamoja na sahihi yangu na ya msimamizi, ili akirudi akakuta siku yangu ya mapumziko asilazimike kueleza upya kwa mtu mwingine. Kumfanya mtu asimulie kero yake mara tatu kwa watu watatu ni kumwongezea kero.

Saa 11:00 jioni

Karakana. Fundi ananiita nione tarumbeta lililoletwa asubuhi likidaiwa kuziba. Vali, zile pistoni zinazobonyezwa kwa vidole, ya kwanza na ya tatu zilibadilishwa nafasi baada ya kusafishwa, matundu hayaelekeani, pumzi haipiti. Kila vali ina namba yake. Dakika mbili, tone la mafuta, tarumbeta limefunguka. Nampigia mwenyewe aje alichukue, namwambia alete swali lolote alilonalo.

Saa 12:10 jioni

Duka limefungwa. Nimemwomba msimamizi, naye amekubali, kwamba kuanzia leo chombo chochote kilichorudi kisitoke kaunta hii bila kibandiko chenye tarehe na sababu, hata kama kilikaa kwa mteja saa moja, na kwamba mifuko yote ya ndani ifunguliwe na watu wawili. Nimeandika vibandiko kumi na saba kwa vilivyomo stoo. Viwili kati yake vilikuwa tayari vimepangwa kwenda ukutani.

Gitaa la yule mwanamke ameliacha kwangu, amesema hataki kulipiga mpaka ajue ni lake. Nimelifuta, nimeliweka kwenye kasha lake, nimefunga kibandiko chenye jina lake na maneno *lisiuzwe*. Kisha nimefungua tena kasha, nikatazama mfuko wa ndani. Mtupu.

Kipimo kinasoma 51. Nazima taa.